Kwa nini Wanorwe huhamia milimani wakati wa Pasaka?

Wiki Takatifu inapowadia, mitaa ya Oslo na Bergen hunyamaza, maduka hufungwa kwa siku kadhaa, na barabara za kwenda milimani hujaa magari yaliyofungwa mbao za kuteleza juu ya paa. Kwa jirani zetu wa Norwe, Pasaka ni sikukuu ya kanisa, lakini kwa familia nyingi ni pia juma la kuiaga theluji. Familia za wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huku Uswidi nazo hualikwa kuvuka mpaka: na ndugu walioko Norwe, na wafanyakazi wenzao, au na watoto wao wenyewe, ambao wamejifunza kuteleza wakiwa shuleni na sasa wanataka kuwavuta wazazi.

Makala hii inaeleza desturi hiyo ilitoka wapi, kwa nini ina kanuni zake ambazo kila mtoto wa Norwe huzijua, na mambo gani familia inapaswa kuyafahamu kabla ya kufunga mizigo.

Nchi mbili, kalenda mbili

Huku Uswidi, likizo ya theluji kwa watoto wa shule ni ile ya Februari na mwanzo wa Machi, ambayo hupangwa kwa zamu kuanzia wiki ya 7 hadi ya 10. Göteborg hupumzika wiki ya 7, Stockholm wiki ya 9. Likizo hiyo haikuanza kwa sababu ya michezo. Ilianza mwaka 1940, wakati wa vita, ambapo makaa ya kupashia joto majengo yalikuwa haba. Shule zilifungwa kwa wiki moja ili kuokoa nishati, na watoto wakatafutiwa shughuli za nje ili wasikae bure. Vita vilikwisha, likizo ikabaki.

Norwe nayo ina likizo ya majira ya baridi mwezi Februari, lakini msafara mkubwa ni wa Pasaka. Shule hufungwa wiki nzima. Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumapili ya Pasaka na Jumatatu ya Pasaka zote ni siku za mapumziko kitaifa, na karibu maduka yote hufungwa. Hapa ndipo mgeni kutoka Uswidi hukwama mara ya kwanza, kwa kuwa huku kwetu Alhamisi Kuu ni siku ya kazi kama nyingine. Anayewasili Alhamisi jioni akitarajia kununua mchele na nyama atakuta milango imefungwa. Wenyeji hununua chakula chao kabla ya Jumatano kwisha.

Tarehe nayo huhama. Pasaka inaweza kuangukia mapema kama Machi 22 au kuchelewa hadi Aprili 25. Ikiwa ya mapema, theluji ya majira ya baridi bado ni tele hata katika vituo vya mabondeni. Ikiwa ya kuchelewa, mabonde huwa yameanza kuwa kijani, na wapenda theluji hulazimika kupanda juu zaidi.

Nyumba ndogo, machungwa na hadithi za wizi

Kiini cha desturi hii ni hytte, yaani nyumba ndogo ya mapumziko iliyojengwa mbali na mji. Norwe, yenye wakazi wapatao milioni 5.6, ina nyumba za aina hiyo zaidi ya 400,000. Nyingine ni za kifahari, zenye umeme na maji ya moto. Nyingine ni za urithi wa babu na bibi, zenye jiko la kuni na choo cha nje, na wenyewe husema hizo ndizo zenye raha. Asiye na nyumba wala jamaa mwenye nyumba hupata nafasi katika vibanda vya Chama cha Utalii cha Norwe, DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868. Chama hicho na matawi yake kina zaidi ya vibanda 500 nchini kote, na vingi havina mhudumu. Msafiri hufungua kwa ufunguo wa wanachama, hupika, husafisha, huandika alichotumia na kulipa mwenyewe. Mfumo mzima umejengwa juu ya uaminifu.

Mfukoni mwa msafiri wa Pasaka huwamo vitu viwili visivyokosekana. Cha kwanza ni chungwa, ambalo huliwa limekaliwa juu ya theluji, mgongo umeegemea mbao za kuteleza na uso umeelekea jua. Cha pili ni chokoleti ya Kvikk Lunsj, iliyoanza kuuzwa mwaka 1937, ambayo ndani ya karatasi yake zilichapishwa kanuni za usalama mlimani. Tutazirudia kanuni hizo hapa chini, kwa sababu si pambo.

Jioni, watu husoma au hutazama hadithi za upelelezi. Desturi hii ina tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 1923, vijana wawili, Nordahl Grieg na Nils Lie, waliandika kwa jina la kubuni riwaya kuhusu wizi katika treni ya Bergen. Mchapishaji aliitangaza kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Aftenposten kabla ya Pasaka, na jina la kitabu, lililosema kwamba treni hiyo imeporwa usiku, lilionekana kama kichwa cha habari. Wasomaji wengi waliamini kwamba abiria wameibiwa kweli. Tangu hapo, Pasaka na hadithi za uhalifu zimekuwa ndugu, na hata redio na televisheni za taifa huwa na vipindi vyake.

Mchezo wa nani?

Neno ski lenyewe ni la Kinorwe, na asili yake ni kipande cha mti uliopasuliwa. Kwa karne nyingi mbao hizo zilikuwa chombo cha usafiri, kama mtumbwi ulivyo kwa watu wa ziwani: mtu aliwindia, alikwendea kanisani na kumfuatia mkunga. Zilipogeuka kuwa mchezo katika karne ya 19, aliyechangia sana alikuwa mkulima maskini wa Morgedal, mkoani Telemark, Sondre Norheim, aliyebuni namna ya kuufunga mguu ili mtu aweze kupinda na kuruka bila mbao kumtoka. Naye hakufia kwao. Alihamia Marekani mwaka 1884 kama Wanorwe wengi waliotafuta maisha, na kaburi lake liko North Dakota.

Wapo wazazi wetu wanaosema kwamba mchezo huu si wetu. Wangefaa kumkumbuka Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya ambaye aliona theluji kwa mara ya kwanza nchini Ufini mwaka 1996, na miaka miwili baadaye akashiriki mbio za kilomita 10 katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufika huko. Boit alimaliza wa mwisho, takriban dakika 20 baada ya mshindi. Lakini mshindi huyo, Mnorwe Bjørn Dæhlie, hakuondoka. Alisimama kwenye mstari wa mwisho akimngoja, akamkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie, akaendelea kushiriki Olimpiki za 2002 na 2006.

Theluji ya machipuko si ya Januari

Theluji ya Pasaka ina tabia yake. Mchana jua huiyeyusha tabaka ya juu. Usiku, mbingu ikiwa wazi, maji hayo huganda tena. Baada ya siku kadhaa za kuyeyuka na kuganda, theluji hugeuka punje kubwa kubwa zinazofanana na chumvi ya mawe. Asubuhi mapema mteremko huwa mgumu kama saruji na wenye kasi. Kuanzia katikati ya asubuhi punje hulainika na kuteleza huwa rahisi na salama. Mchana theluji huwa nzito kama uji, miguu ya watoto huchoka, na magoti huumia. Ndiyo maana wenyeji huanza mapema na kumaliza mapema, kisha wakakaa juani na chupa ya chai.

Jua hilo nalo lina hatari ambayo wengi wetu huidharau. Theluji mpya inaweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya miale inayounguza ngozi, na nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi kuliko nyeupe, lakini huungua pia, hasa puani, midomoni na chini ya kidevu, mahali ambapo mwanga hupiga kutoka chini. Macho hayana kinga ya rangi hata kidogo. Mtu aliyetembea siku nzima bila miwani anaweza kuamka usiku akihisi kama mchanga umemwagwa machoni. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi ni vya kila mmoja, mtoto na mzee.

Mavazi yana siri moja: sufu, si pamba. Pamba ikilowa jasho hukaa baridi mwilini, ilhali sufu huendelea kutia joto hata ikiwa mbichi. Fulana ya pamba chini ya koti la bei kubwa haimsaidii mtoto anayetetemeka.

Pasaka ya mwaka 1967

Kanuni za mlimani zilizaliwa kutokana na misiba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wanorwe wengi zaidi walipata likizo na magari, na watu wa mijini wasio na uzoefu walianza kupanda milima iliyokuwa ya wafugaji na wawindaji. Mapema katika miaka ya 1950, Msalaba Mwekundu wa Norwe ulianza kampeni ya kuwakaribisha watu mlimani huku ukiwakumbusha kwamba wajibu wa usalama ni wa kila mtu mwenyewe. Kisha ikaja Pasaka ya 1967, ambapo watu 18 walipoteza maisha milimani. Mwaka huohuo Msalaba Mwekundu na DNT walitoa kanuni za busara ya mlimani, ambazo watoto wa Norwe hukua wakizisikia. Zilifanyiwa marekebisho mwaka 2016, na leo ziko tisa.

Kwa maneno yetu, zinasema hivi: panga safari yako na umwambie mtu unakokwenda, chagua safari inayolingana na uwezo wa kundi na hali ya siku hiyo, sikiliza utabiri wa hali ya hewa na wa maporomoko ya theluji, jiandae kwa dhoruba na baridi hata kama safari ni fupi, beba vifaa vya kujisaidia na kuwasaidia wengine, chagua njia salama na uyatambue maeneo ya maporomoko na barafu isiyoaminika, tumia ramani na dira, ujue daima uko wapi, geuka mapema, kwani kurudi si aibu, na mwisho, tunza nguvu zako, utafute hifadhi ikibidi.

Kanuni ya nane ndiyo maarufu kuliko zote, nayo imekuwa msemo wa kila siku. Mwanasiasa anayebadili msimamo huambiwa kwamba si aibu kugeuka. Lakini milimani maana yake ni nzito. Baba aliyewaahidi watoto kufika kileleni, aliyekodi vifaa kwa fedha nyingi na kuendesha gari saa sita, huona uchungu kurudi nusu ya njia. Kanuni hiyo iliwekwa ili kumvua mzigo huo wa fahari.

Hatari iko wapi hasa?

Ndani ya kituo cha mchezo, kwenye miteremko iliyofunguliwa na kushindiliwa na mashine, hatari kubwa ni kugongana na kuanguka. Miteremko huwekwa alama za rangi: kijani ni ya wanaoanza, buluu ni rahisi, nyekundu ni ngumu, nyeusi ni ya mabingwa. Kanuni kuu ni kwamba aliye mbele, yaani chini yako, ana haki ya njia. Wewe unayetoka nyuma ndiwe wa kumkwepa. Watoto wavae helmeti. Katika vituo vingi watoto wa chini ya miaka saba hupanda lifti bure kwa sharti la kuivaa.

Maporomoko ya theluji huanza nje ya kamba za kituo. Theluji inaweza kukatika na kuteleza kwenye mteremko wenye mwinuko wa nyuzi 30 au zaidi, na mara nyingi anayeikata ni msafiri mwenyewe au mwenzake. Lakini hata aliye bondeni, kwenye ardhi tambarare chini ya mlima kama huo, yuko katika njia yake. Katika majira ya machipuko hatari hupanda kadiri joto la mchana linavyolainisha tabaka za theluji.

Idara ya Norwe ya maji na nishati, NVE, hutoa utabiri wa maporomoko kupitia huduma iitwayo Varsom, kwa daraja kuanzia 1 hadi 5. Daraja la 3 si la katikati kwa maana ya kawaida. Vifo vingi hutokea siku za daraja hilo, kwa sababu watu hulichukulia kuwa ni hatari ya wastani. Uswidi nayo ina utabiri wake, unaotolewa na idara ya mazingira, Naturvårdsverket.

Aliyefukiwa ana muda mfupi. Nafasi ya kupona hushuka haraka baada ya dakika 10 hadi 15 za kwanza, na helikopta ni nadra kufika kabla ya hapo. Anayeokoa ni mwenzako aliye karibu, mwenye kifaa cha kupokea mawimbi, fimbo ya kuchokolea na koleo. Familia isiyo na vifaa hivyo na mafunzo yake haina shughuli nje ya njia zilizowekwa alama.

Habari njema ni kwamba njia hizo ni nyingi. Wakati wa Pasaka, njia za kutembea kwa mbao huwekewa vijiti juani na dhorubani, na wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu huwa zamu milimani. Haki ya kutembea porini ni ya kila mtu, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1957, na kwa kawaida njia hizo hazina kiingilio. Kinachogharimu ni lifti, malazi na vifaa. Kwa vifaa, Uswidi ina Fritidsbanken, ambako mtu yeyote huazima mbao, viatu na helmeti bure kwa hadi siku 14. Norwe ina mtandao wa aina hiyo uitwao BUA.

Kuvuka mpaka na familia

Safari ya kwenda Trysil, kituo kikubwa kuliko vyote vya Norwe, ni fupi mno kwa aliyeko Dalarna. Tangu Desemba 2019 kuna hata uwanja wa ndege upande wa Uswidi, karibu na Sälen, unaohudumia pande zote mbili. Wepesi huo husahaulisha wengi kwamba ni nchi nyingine.

Raia wa nchi za Nordiki hawalazimiki kuwa na pasipoti, ingawa wanaweza kutakiwa kuthibitisha wao ni nani. Asiye raia, mwenye kibali cha ukaazi cha Uswidi, abebe pasipoti halali au hati yake ya kusafiria pamoja na kadi ya kibali. Anaruhusiwa kukaa hadi siku 90 katika kipindi cha siku 180. Kila mtoto awe na hati zake. Mwenye hati ya aina ya pekee aulize kwanza idara ya uhamiaji ya Norwe, UDI. Mwomba hifadhi ambaye kesi yake haijaamuliwa asivuke: kadi ya LMA si hati ya kusafiria, na mwaliko wa shangazi au wa rafiki wa mtoto haubadilishi jambo hilo.

Norwe haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo kuna forodha, na kuna viwango vya nyama, tumbaku na vileo. Ada za barabara hukatwa kwa kamera. Dhoruba ikizuka, barabara za juu hufungwa, au magari huongozwa kwa msafara nyuma ya gari la kusukuma theluji; taarifa hupatikana kwa simu namba 175. Ukiambiwa usubiri, uwe na chakula, maji na blanketi ndani ya gari.

Chukua kadi ya Ulaya ya bima ya afya, inayotolewa bure na Försäkringskassan, na usome bima yako ya nyumba: nyingi za Uswidi hulinda msafiri kwa siku 45 za kwanza.

Mwisho, namba za dharura. Huku Uswidi 112 inatosha kwa kila jambo. Norwe zimegawanyika: 110 ni zimamoto, 112 ni polisi, 113 ni gari la wagonjwa. Aliyepotea au kukwama mlimani apige 112, kwani polisi ndio wanaosimamia uokoaji. Wapo wanaosita kupiga kwa kuogopa gharama, au kwa kuogopa kuulizwa maswali na askari. Huduma ya umma ya uokoaji nchini Norwe haimtozi anayeokolewa, na waokoaji husema daima kwamba ni afadhali waitwe mapema kungali na mwanga kuliko kuchelewa hadi giza liingie.